Oili namba ngapi? Joto linaloua injini si la jua

Kila kiangazi kinapoingia, kuanzia Juni hivi, ujumbe unaofika studio kwetu hubadilika. Wakati wa mvua watu wanauliza barabara ipi inapitika. Kiangazi wanauliza kuhusu injini, na swali linalotangulia mengine yote, hasa kutoka kwa madereva wa bodaboda wa Nkwenda, Kaisho, Isingiro na Mabira, ni kama inafaa kuweka oili nzito zaidi kwa kuwa sisi tuko nchi ya joto. Wapo wanaoshauriwa hivyo na fundi, wapo wanaoshauriwa hivyo dukani, na wapo waliokwisha kuweka na sasa klachi inateleza.

Hewani tulilijibu kwa dakika chache tu. Hapa tunalieleza kwa urefu, kwa sababu jibu la haraka limezaa maswali mengine, na kwa sababu kosa la oili ni ghali kwa watu wetu. Tunajua jinsi pikipiki nyingi za hapa zinavyopatikana. Kijana anaichukua kwa mkataba, analeta hesabu kila siku au kila wiki, na baada ya mwaka mmoja au zaidi inakuwa yake. Injini ikinoki katikati ya mkataba, mkataba hausimami. Tajiri anataka hesabu yake, fundi anataka fedha ya kufungua injini, na nyumbani wanataka kula. Kwa hiyo chupa ya oili ya lita moja ni jambo la kulifikiria kabla ya kununua.

Jibu letu kwa kifupi ni kwamba usichague oili kwa kutazama jua. Tazama kwanza kitabu cha chombo chako, kisha kazi ambayo chombo hicho kinafanya. Tukifika mwisho utaona kwa nini tunasema hivyo.

Namba za kwenye chupa

Chukua chupa yoyote ya oili. Utaona namba kama 20W-50, 15W-40 au 10W-30, na mbele yake herufi SAE. Hicho ni kifupi cha jina la chama cha wahandisi wa magari kilichoanzishwa Marekani mwaka 1905, nacho ndicho kilichoweka madaraja haya. Kinachopimwa kinaitwa mnato, yaani jinsi oili inavyogoma kumiminika. Mtaani tunasema uzito, na si vibaya, ila ujue kwamba mizani haihusiki hapo. Lita moja ya 10W-30 na lita moja ya 20W-50 ukizipima kwa kilo zinakaribiana sana. Tofauti iko katika kumiminika.

Kila mtu aliyewahi kununua mawese anaujua mnato. Asubuhi ya baridi chupa ya mawese imeganda, unaigeuza na hakitoki kitu. Ikikaa karibu na jiko, inamiminika kama maji. Oili ya injini nayo iko hivyo hivyo: ikiwa baridi ni nzito, ikipata moto inakuwa nyepesi. Oili ya 15W-40, kwa mfano, ikiwa na joto la nyuzi 40 huwa na mnato mara saba hivi ya ule ilio nao ikifika nyuzi 100. Yaani oili ileile moja, katika injini ileile, hubadilika kiasi hicho kati ya kuwasha na kufika Omurushaka.

Namba ya pili, ile isiyo na W, ndiyo inayoeleza oili ikoje injini ikiwa ya moto. Hupimwa katika nyuzi 100. Daraja la 30 ni jepesi, 40 ni la kati, 50 ni zito. Namba ya kwanza, yenye W, inahusu baridi. W hiyo imetokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Hapo wanapima katika baridi ambayo Kagera hatujawahi kuiona: 20W hupimwa uwezo wake wa kuiruhusu injini izunguke katika nyuzi 15 chini ya sifuri, na 10W katika nyuzi 25 chini ya sifuri. Namba ikiwa ndogo, oili inawahi kutembea injini ikiwa baridi.

Kuna jambo moja linalowachanganya hata baadhi ya mafundi. Wapo wanaoamini kwamba 20W-50 ni nyepesi ikiwa baridi, kisha inakuwa nzito ikipata moto, kutoka 20 kwenda 50. Hakuna oili ya namna hiyo. Maana ya namba mbili ni kwamba ikiwa baridi inafanya kazi kama oili ya daraja la baridi la 20W, na ikipata moto haijalegea kupita daraja la 50. Inalegea, ila kidogo kuliko oili ya zamani ya namba moja. Kinachoisaidia ni viungo vinavyoitwa polima, minyororo mirefu ya kikemikali ambayo hujikunja oili ikiwa baridi na kujikunjua ikiwa ya moto, na hivyo kuizuia isigeuke maji. Polima hizi hukatikakatika kadiri zinavyosagwa na gia na pistoni. Ndiyo sababu mojawapo oili ya zamani huwa nyepesi kuliko ilivyokuwa siku ya kwanza, hata kama kiasi chake hakijapungua.

Je, kweli sisi ni nchi ya joto?

Hapa tunaomba msomaji asituelewe vibaya, maana kuna watu watakaosema tunadharau jua la kiangazi. Nkwenda iko vilimani. Ziwa Victoria lenyewe uso wake uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko juu yake. Mchana wa kiangazi jua linachoma, lakini kivulini nyuzi 30 ni nadra kupita, na usiku wa Julai mtu bila blanketi halali. Dereva anayewasha pikipiki saa kumi na moja alfajiri kupeleka mtu stendi anavaa koti zito na glavu. Yeye na pikipiki yake hawako kwenye joto la Dar es Salaam, wala la Muscat ambako mchana wa kiangazi hupita nyuzi 40.

Sasa linganisha na India, kunakotoka pikipiki nyingi tunazoziona barabarani. Tambarare za India mwezi Mei zinapita nyuzi 40. Bajaj Boxer, ambayo watengenezaji wake wako huko, huelekezwa iwekwe 20W-50. Lakini Honda na Hero ndogo nyingi, zinazouzwa na kutembea katika nchi hiyohiyo, chini ya jua hilohilo, huelekezwa 10W-30. Kama jua ndilo lingeamua, zote zingekuwa na namba moja.

Kinachoamua ni injini ilivyotengenezwa. Kati ya beringi na kranki, kati ya pistoni na silinda, kuna nafasi ndogo kuliko unywele. Oili lazima ijae humo na ikae kama utando, chuma kisiguse chuma. Aliyeitengeneza injini alipima nafasi hiyo, nguvu ya pampu na upana wa njia za oili, kisha akachagua oili inayotosha. Nafasi ikiwa finyu, oili nyepesi ndiyo inayoingia. Nafasi ikiwa pana, oili nyepesi inapita na kuondoka, utando unakatika.

Kwenye gari lenye rejeta, jua lina nguvu ndogo zaidi kuliko tunavyodhani. Themostati hufungua na kufunga njia ya maji ili injini ikae kati ya nyuzi 80 na 95 hivi, iwe asubuhi ya Nkwenda au mchana wa Dodoma. Ilimradi rejeta ni nzima na maji hayajapungua, hewa ya nje ikipanda nyuzi 10, injini haipandi nyuzi 10. Gari linalochemka halitibiwi kwa oili nzito. Linatibiwa kwa kurekebisha rejeta, feni au themostati yenyewe.

Joto la bodaboda

Pikipiki zetu hazina rejeta. Zinapozwa na upepo unaopita kwenye yale mapezi ya chuma yaliyozunguka silinda, pamoja na oili inayozunguka ndani. Upepo unatokana na mwendo. Sasa fikiria safari ya kawaida ya hapa mwezi wa Agosti: magunia mawili ya kahawa nyuma, kilima, barabara ya vumbi, gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayekimbia. Injini inafanya kazi yote iliyo nayo na upepo hakuna. Hapo joto la oili linaweza kupita nyuzi 120, hata kama aliyekaa kivulini kando ya barabara anasema leo kuna ubaridi. Ongeza matope yaliyokauka kati ya mapezi tangu masika, ambayo hakuna aliyeyaosha, na injini imevaa blanketi.

Joto hilo ndilo la kuliogopa. Linatoka kwenye mzigo, kwenye mlima, na kwenye kukaa muda mrefu injini ikinguruma bila kutembea. Na bahati mbaya kwetu kahawa inavunwa kiangazi, kwa hiyo mizigo mizito na vumbi zito vinakuja mwezi mmoja.

Kwa hiyo kama una Boxer inayobeba mizigo, 20W-50 ambayo kitabu chake kinaitaka inakufaa, na huna haja ya kutafuta nzito zaidi. Kama una pikipiki ambayo kitabu kinataja 10W-30, anza na hiyo. Vitabu vingi huwa na jedwali la joto, mistari inayoonyesha namba zinazokubalika kwa hali ya hewa mbalimbali, na mara nyingi humo utakuta 10W-40 au 20W-40 imeruhusiwa kwa sehemu za joto. Ikiwa imeruhusiwa na wewe unabeba mizigo kutwa, kupanda daraja moja ni uamuzi wa busara. Kuruka kutoka 30 hadi 50 kwa sababu jirani yake anatumia 50 ni kubahatisha.

Tuseme pia madhara ya kuzidisha uzito, maana ya wepesi yanajulikana: kunoki, kelele, kula oili. Oili nzito kuliko inavyotakiwa huchelewa kufika juu kwenye kamshafti na valvu asubuhi injini ikiwa baridi, na dakika zile za kwanza ndizo chuma kinalika zaidi. Inaivuta injini nyuma, kwa hiyo petroli inaongezeka. Na kwa kuwa ni nzito, inazunguka polepole na kusuguliwa zaidi, hivyo inabeba joto kidogo kutoka pale ilipotakiwa kulitoa. Mtu aliweka oili nzito ili kupunguza joto, akaishia kuliongeza.

Kuhusu namba ile ya W, hatutaki kuitia chumvi. Kwa hewa ya Nkwenda, tofauti ya 10W, 15W na 20W haitaua injini yako. Tunachoomba ni kwamba asubuhi ya baridi ukishapiga kiki, ipe injini nusu dakika, kisha tembea taratibu kwa kilomita ya kwanza. Wengi wanawasha na kuivuta mpaka mwisho papo hapo ili ipate moto. Hiyo ni njia ya haraka ya kumpelekea fundi kazi.

Klachi iliyo ndani ya oili

Tunakuja kwenye kosa ambalo kwa maoni yetu linaharibu pikipiki nyingi hapa kuliko kukosea namba. Ni kuweka oili ya gari kwenye pikipiki.

Kwenye gari, oili ya injini ni ya injini peke yake. Giaboksi ina yake, na klachi haiguswi na oili kabisa. Kwenye pikipiki zetu nyingi, lita moja hivi ya oili inalainisha injini, inalainisha gia, na plati za klachi zinaogelea humohumo. Sasa oili nyingi za magari ya kisasa zimetiwa viungo vya kuzifanya ziteleze zaidi ili zipunguze mafuta. Kwa gari ni sifa. Kwa plati za klachi, zinazofanya kazi kwa kung'ang'aniana, ni balaa. Unavuta mafuta, injini inalia, pikipiki haiendi. Mlimani na abiria unashuka mnasukuma.

Ndiyo maana Wajapani mwaka 1998 waliweka alama yao ya oili za pikipiki, JASO. Kwenye chupa tafuta JASO MA, au MA2 ambayo ni ya baadaye. Hizo ni za klachi iliyo ndani ya oili. JASO MB ni ya skuta ambazo klachi yake iko pembeni, kavu. Usiiweke kwenye Boxer. Chupa isiyo na JASO yoyote, na yenye duara ambalo sehemu yake ya chini imeandikwa kwa Kiingereza kwamba oili hii inaokoa nishati au rasilimali, iache kwenye rafu ya wenye magari.

Kuna herufi nyingine, za API, taasisi ya mafuta ya Marekani. Zikianza na S ni za injini za petroli, zikianza na C ni za dizeli. Herufi ya pili kadiri inavyosonga mbele katika alfabeti, ubora ni wa karibuni zaidi: SL ilitoka 2001, SN 2010, SP 2020. Kitabu kikisema SJ, chupa ya SL au SN inafaa. Kinyume chake ndicho cha kuepuka. Katika maduka mengi bado kuna oili zenye herufi za zamani sana kwa bei ya chini, na muuzaji atakuambia namba ni ileile 20W-50. Namba ni ileile kweli. Ubora sio.

Wenye IST, Noah na Probox

Magari haya yanakuja yakiwa yametumika Japani, na kitabu, kama kipo, kimeandikwa Kijapani. Usikitupe. Tarakimu zinasomeka, na 5W-30 kwa Kijapani ni 5W-30. Kama hakipo, fungua boneti usome kifuniko cha pale panapotiwa oili. Mara nyingi namba imeandikwa hapohapo.

Shida inayoletwa na wenye magari haya ni woga. Wanaona 0W-20 au 5W-30, wanasema hiyo ni ya nchi za theluji, wanaweka 20W-50. Kwa Toyota zenye VVT-i jambo hili lina uzito wake, kwa sababu mfumo huo hutumia msukumo wa oili, kupitia vitundu vyembamba, kusogeza muda wa valvu kufunguka. Oili nzito inachelewa kupita na gari linakuwa zito kuitika.

Hata hivyo hatusemi gari la miaka ishirini lazima liendelee na 0W-20 mpaka life. Gari lililotembea sana, ringi zimelika, linakula oili na kutoa moshi wa bluu, linaweza kusaidiwa na daraja moja juu, mfano 5W-40 au 10W-40 badala ya daraja la 30. Vitabu vya Toyota zilizotengenezwa kwa soko la Afrika huwa na namba nzito zaidi kwenye jedwali lake kuliko vya Japani, kwa hiyo si dhambi. Lakini ujue unachofanya: unanunua muda. Oili haijazi chuma kilicholika, na dawa za kuongeza kwenye oili zinazouzwa kwa vichupa hazikijazi pia. Mtu anayetaka kukuuzia gari anaweza kuweka oili nzito sana siku mbili kabla ili kelele na moshi vipungue. Ukienda kununua, toa kijiti cha kupimia oili injini ikiwa ya moto utazame inavyodondoka. Ikijivuta kama asali, uliza maswali.

Malori ya kahawa ni habari fupi zaidi. Fuso na wenzake wa dizeli wengi wanatumia 15W-40 yenye herufi za C, kama CH-4 au CI-4, na hiyo inafanya kazi hapa na inafanya kazi pwani. Anayesoma jedwali la joto asome kwa ajili ya sehemu yenye joto kubwa kuliko zote katika safari. Lori linalotoka hapa kwenda Dar es Salaam kupitia Nyakanazi, Singida, Dodoma na Morogoro halitumii hali ya hewa ya Nkwenda.

Kuna pia oili za namba moja, SAE 40 tupu bila W, zinazouzwa kwa kupimwa kutoka kwenye pipa. Mashine ya kusaga ya zamani ambayo kitabu chake kinaitaja haina tatizo nayo. Pikipiki mpya haistahili, na shida ya pipa ni kwamba hujui kilichomo.

Vumbi, kilomita na chupa za bandia

Ukichagua namba sahihi na usiibadilishe kwa wakati, umefanya nusu ya kazi. Piga hesabu mwenyewe. Bodaboda inayotembea kilomita 100 kwa siku, siku sita kwa wiki, inamaliza kilomita 2,400 kwa wiki nne. Wengi wanahesabu kwa mwezi wakati kitabu kinahesabu kwa kilomita, na anayetembea kilomita 150 anakuwa amepitiliza bila kujua. Tena kilomita za kitabu ni za barabara nzuri. Watengenezaji wenyewe huandika kwamba kwenye vumbi, mizigo na safari fupi fupi muda upunguzwe. Maelezo hayo yanatufaa sisi moja kwa moja. Vumbi jekundu likipita filta ya hewa iliyochanika linaingia kwenye silinda, linachanganyika na oili, na oili inageuka msasa. Hakuna namba ya mnato inayozuia hilo.

Rangi isikutishe sana. Oili ya dizeli inageuka nyeusi siku ileile uliyoiweka, kwa sababu inabeba masizi, na hiyo ni kazi yake. Oili iliyobaki nyeupe kwa miezi si lazima iwe nzuri. Lakini ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, simamisha chombo.

Kuhusu bidhaa bandia, kazi ya kuzisaka ni ya FCC, viwango vinasimamiwa na TBS, na EWURA husimamia biashara ya vilainishi. Duka likikutia shaka, unaweza kutoa taarifa huko. Wewe kwenye kaunta angalia mambo machache: muhuri wa kifuniko haujaguswa, kuna namba ya toleo na tarehe, maandishi hayajafutika wala kukosewa, na bei haiko chini sana kuliko duka la jirani. Dai risiti. Ukimaliza kutumia chupa, itoboe au uikate, maana chupa nzima yenye nembo ndiyo inayojazwa oili chakavu iliyochujwa na kurudi dukani. Hili la kutoboa chupa tumelisema hewani mara nyingi, na bado tunaona chupa nzima zikiokotwa nje ya gereji.

Oili iliyomwagwa isiachwe ardhini karibu na kisima au mto. Wapo wanaoipaka kwenye nguzo za uzio kuzuia mchwa. Kama unafanya hivyo vaa glavu, na iwe mbali na maji na mifugo.

Na usisubiri siku ya kubadilisha ndipo utazame kiasi. Pikipiki ndogo ina lita moja tu, kwa hiyo ikila robo lita, robo nzima ya kinga yake imekwenda, na oili iliyobaki inapata moto haraka zaidi. Kila wiki, asubuhi kabla ya kuwasha, isimamishe wima mahali pa tambarare, si kwa stendi ya pembeni, kisha utazame kile kioo kidogo kilicho ubavuni mwa injini au kijiti chake. Kwa kijiti, soma kwenye kitabu kama kinapimwa kikiwa kimefungwa au kimewekwa tu juu, maana pikipiki hutofautiana hapo. Ikiwa chini ya alama, ongeza oili ya namba na herufi zilezile mpaka ifike kati ya alama mbili. Usiijaze ikapita alama ya juu, kwani oili iliyozidi hupigwapigwa na kranki mpaka itoe povu, na povu halilainishi kitu.